Kuajiri mtu wa kwanza kwenye asasi ndogo Tanzania: hatua za kisheria

1. Amua kwanza kama huyo ni mfanyakazi

Asasi nyingi huanza na kijana "anayejitolea" kwa posho ya kila mwezi. Jina hilo halikulindi. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, 2004, kinamdhania mtu kuwa mwajiriwa kikitimia hata kigezo kimoja: unamwelekeza namna ya kufanya kazi, unampangia saa, unampa vifaa, anakutegemea wewe kwa kipato, anakufanyia kazi wewe tu, au amefanya wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45 kwa mwezi ni kama saa mbili tu kwa kila siku ya kazi! Ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), kazi ya kuthibitisha kwamba si mwajiriwa ni yako, na karatasi iliyoandikwa "volantia" haitakusaidia kama alikuwa akiripoti saa mbili asubuhi kila siku.

Mshauri wa kweli ana wateja wengine, anatumia vifaa vyake na analeta ankara.

2. Piga hesabu kabla ya kutaja mshahara

Hakikisha kwanza kiasi hicho hakishuki chini ya kima cha chini cha sekta yako kwenye Amri ya Mshahara inayotumika. Kisha ongeza gharama za mwajiri. Kwa mshahara wa shilingi 600,000 kwa mwezi:

- Mchango wa mfanyakazi kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF), 10%: 60,000
- Kodi ya mshahara (PAYE): hukatwa baada ya kutoa NSSF, yaani kwenye 540,000. Inakuja 24,000
- Anachopokea mkononi: 516,000
- NSSF ya mwajiri, 10%: 60,000
- Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), 0.5%: 3,000. Hii ni ya mwajiri, usimkate mtu

Jumla inayotoka kwako ni 663,000. Bajeti za miradi huandikwa 600,000 tupu, halafu mhasibu anahangaika kuifukia tofauti kila mwezi. PAYE iwasilishwe Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata kupita. Tozo ya kuendeleza ujuzi (SDL) haikuhusu mpaka ufikishe wafanyakazi 10.

3. Andika mkataba

Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, 2004, kinataka taarifa hizi kwa maandishi: jina, umri, jinsia na anwani ya kudumu, mahali alipoajiriwa, maelezo ya kazi, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, kituo cha kazi, saa za kazi, mshahara, namna unavyokokotolewa, na marupurupu. Zitunze miaka 5 baada ya ajira kwisha. Usipoweza kuzitoa kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti anayodai mfanyakazi unakuangukia wewe.

Mkataba wa muda maalumu ni wa wataalamu na viongozi. Kwa wengine unaruhusiwa katika hali chache tu. Andika tarehe ya mwisho, na ikifika, usimwache aendelee kuripoti kazini kimyakimya: hapo mkataba unaweza kuhesabika umehuishwa.

4. Saa na likizo

Kikomo ni saa 9 kwa siku, 45 kwa wiki, siku 6. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Gawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha gawa kwa saa za wiki: kwa 600,000 ni kama 3,077 kwa saa, hivyo saa ya ziada ni kama 4,615. Mlinzi wa usiku ana nyongeza ya 5% kwa kila saa kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, na hii husahaulika sana.

Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, ya uzazi 84 (100 kwa mapacha), ya baba 3.

5. Mkiachana

Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya siku 28. Katika mwezi wa kwanza zinatosha 7. Notisi peke yake haitoshi: aliyefikisha miezi 6 anahitaji sababu halali na utaratibu wa haki, ikiwamo kusikilizwa, na ana siku 30 za kupeleka mgogoro wa kuachishwa CMA. Mlipe siku alizofanya kazi na likizo aliyostahili ambayo hajaichukua. Cheti cha utumishi ni haki yake hata kama mmeachana kwa ubaya.