Anayekohoa asisubiri kwenye foleni

Kwenye zahanati au kituo cha afya, mgonjwa wa TB wa kuogopwa zaidi si yule mwenye kadi ya dawa. Ni yule aliyebanana na wenzake kwenye benchi, anakohoa, na hakuna aliyemuuliza. Aliyekwisha kuanza dawa zinazomfaa, uwezo wake wa kuambukiza hushuka haraka.

Kwa hiyo kazi inaanzia mapokezi. Kila anayeingia aulizwe: unakohoa? Tangu lini? Akitimiza wiki 2 anahisiwa kuwa na TB. Kwa mwenye VVU usisubiri wiki, kikohozi chochote kinatosha. Mpe barakoa ya kawaida ya hospitali, mkalishe nje kivulini, kisha mtangulize kwa daktari. Watakaonung'unika kwamba karuka foleni waelezwe kuwa wanakingwa wao.

Barakoa hiyo hupunguza kinachotoka kinywani mwa mgonjwa. Haimtoshi muuguzi, kwani vijidudu vya TB huelea hewani kwa saa kadhaa na kupenya pembeni mwa shavu. Yeye avae N95, barakoa inayobana uso na kuchuja hewa anayovuta, na aijaribu kila anapoivaa. Bonyeza kibati cha puani kwa vidole vya mikono yote miwili. Mkono mmoja huacha mkunjo unaopitisha hewa. Ifunike kwa viganja, toa pumzi kwa nguvu. Ukihisi upepo machoni, rekebisha puani. Ukiuhisi mashavuni, vuta mikanda nyuma. Mwenye ndevu anyoe, vinginevyo anajidanganya.

Madirisha ndiyo kinga ya bei nafuu kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa. Fungua ya pande mbili zinazotazamana. Sehemu inayofunguka ifikie asilimia 20 ya sakafu: chumba cha mita 3 kwa 4 kinataka mita za mraba 2.4. Dirisha la alumini la kusukuma hufunguka nusu, basi hesabu nusu. Kule Njombe, Juni na Julai, kila mtu hutaka kufunga. Mhudumu avae sweta.

Washa kijiti cha udi uone moshi unakokwenda. Ukikujia kutoka upande wa mgonjwa, hamisha kiti. Hewa ikupitie wewe kwanza, kisha mgonjwa, ndipo itoke nje. Feni ya mezani nayo ikae nyuma yako.

Makohozi ya kupimwa yatolewe nje, mbali na watu, kamwe si chooni. Anayemwelekeza mgonjwa asimame upande upepo unakotokea, na kikopo kifungwe kabla hakijashikwa na mwingine.