Mfundishe mtoto tabianchi kwa taa nyekundu ya LUKU

Majirani hapa Ipagala, Dodoma, wameniomba niwaandikie zoezi la tabianchi ninalofanya na watoto kwa LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Linamfaa mtoto wa darasa la tatu na kuendelea.

Hatua ya 1: Anza na mvua. Dodoma tuna msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili hivi. Mtume akamuulize bibi yake zamani walipanda mtama lini, na sasa wanapanda lini. Kisha mweleze kwamba hewa ukaa inayotoka kwenye mafuta, makaa ya mawe, gesi na misitu inayochomwa huifunika dunia kama blanketi. Tafadhali usimtishe. Afrika nzima hutoa takriban asilimia 4 tu ya hewa hiyo, kwa hiyo si haki mtoto wa Dodoma abebeshwe lawama. Mpe kazi ya kufanya.

Hatua ya 2: Mtajie Mtera. Maji ya bwawa lile, njia ya Iringa, huzungusha mitambo ya umeme ya hapo hapo kisha yakashuka hadi mitambo ya Kidatu. Mvua ikikataa, umeme nao hupungua.

Hatua ya 3: Hesabuni taa ya mita. Hapa ndipo wengi hukwama. Nyingi zimeandikwa 1000 imp/kWh, yaani taa nyekundu ikipepesa mara 1000, uniti moja imekwisha. Soma yako kwanza, maana si zote zinafanana.

Chomoa kila kitu, friji kwanza. Friji hujiwasha na kujizima yenyewe, na hesabu yote inaharibika. Chomoa king'amuzi na chaja pia. Subirini mpaka taa itulie.

Sasa tumieni birika la umeme, si pasi. Pasi ikishapata moto hujikata, na mtoto atadhani mita imeharibika. Chemsheni lita moja: taa itapepesa kama mara 100. Rudieni kwa kikombe kimoja, maji yakiwa ya baridi vilevile. Mtoto akiona tofauti, hutahitaji kumhubiria kuhusu kujaza birika kwa chai ya mtu mmoja.

Taa ya LED ya wati 9 hupepesa mara moja kwa karibu dakika 7, na mtoto atachoka. Balbu ya zamani ya wati 60 hupepesa kila dakika. Kama mnayo, ilinganisheni.

Mita ikiwa juu ya nguzo, someni uniti zilizobaki kwenye rimoti, kile kifaa cha ndani cha kuingizia namba za LUKU, kabla na baada. Mtoto aangalie tu, asiguse mita wala nyaya. Programu za simu sizipendi kwa kazi hii. Daftari na penseli vinatosha.

Hatua ya 4: Mkaa. Usiuruke, kwa sababu jikoni kwetu ndiko miti inakoishia. Loweka maharage usiku, kesho yapike kwa kopo moja la mkaa uliopimwa. Siku nyingine pika yasiyolowekwa, kiasi kilekile, jiko lilelile, na mtoto aandike aliongeza makopo mangapi hadi yakaiva.