Somo: Kuhamisha kadi ya grafiki na kebo za umeme kati ya kompyuta mbili bila kuunguza kitu

Wanachama wenzangu, somo hili limetokana na hasara niliyoisababisha mwenyewe. Nilikuwa na haraka ya kumaliza kazi ya mteja ambaye pawasaplai yake (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ilikuwa imekufa, na kwa kuwa kebo za zamani zilikuwa zimeshafungwa vizuri nyuma ya kasha, sikuona haja ya kuzifumua. Nikaweka pawasaplai mpya nikazichomeka kebo zilezile, nazo zikaingia na kulia "kliki" kana kwamba zimetengenezwa pamoja. Nilipowasha, ilitoka harufu ya plastiki inayoungua, na diski zake mbili, moja ikiwa na picha za harusi ya binti yake, hazikuwaka tena.

Sababu yake ni hii. Ncha ya kebo inayoingia kwenye kadi ya grafiki (inayotoa picha kwenye skrini), diski au madabodi (ubao mkuu wa kompyuta) hufuata kanuni moja kwa watengenezaji wote, lakini ncha inayoingia kwenye pawasaplai yenye kebo za kuchomoa haina kanuni yoyote. Kila mtengenezaji hupanga pini apendavyo, na mara nyingine hata matoleo mawili ya mtengenezaji mmoja hutofautiana, ingawa umbo la plagi ni lile lile. Kwa hiyo pini iliyokuwa ikipeleka volti 5 kwenye diski inaweza kujikuta inapeleka volti 12. Kadi huhama, lakini kebo hubaki na pawasaplai yake. Mengine yote katika somo hili yanafuata baada ya hilo.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kushika bisibisi

Sloti ya madabodi, yaani mfereji ambamo kadi huchomekwa, hutoa hadi wati 75 kwa kadi. Plagi ya pini 6 huongeza wati 75, na ya pini 8 huongeza wati 150. Kadi kama GTX 1050 Ti hutumia wati 75, ndiyo maana nyingi kati yake hazina tundu la umeme kabisa. RTX 3060 hutumia wati 170, na NVIDIA wenyewe hupendekeza pawasaplai ya wati 550. Soma kibandiko cha pawasaplai ya kompyuta inayopokea, hasa mstari wa volti 12, kwa sababu huko ndiko kadi inakokula. Pima pia urefu wa kadi na nafasi iliyopo ndani ya kasha.

Hatua ya 2: Ondoa umeme wote

Futa draiva (programu inayoiendesha kadi) ya kadi ya zamani, zima kompyuta, chomoa waya wa ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi hivi. Wakati mwingine utaona feni ikishtuka na kuzunguka nusu mzunguko: huo ni umeme uliokuwa umebaki kwenye kapasita. Fanya hivyo kwa kompyuta zote mbili. Gusa chuma kisichopakwa rangi cha kasha ili kupunguza umemetuli mwilini, na usifanyie kazi hii juu ya zulia.

Hatua ya 3: Toa kadi

Chomoa kwanza plagi za umeme za kadi kwa kubana klipu yake na kushika plagi yenyewe, si kuvuta waya. Fungua skrubu za nyuma ya kasha. Hapa ndipo wengi huvunja sloti: mwishoni mwa sloti, chini kabisa ya kadi ambako jicho halifiki vizuri, kuna kilimi kidogo cha plastiki kinachoishikilia. Kitafute kwa ncha ya kidole au kwa kijiti cha mbao, kisukume mpaka kiachie, ndipo uinue kadi wima kwa mikono miwili. Ikigoma, usiitikise, kilimi bado hakijaachia.

Hatua ya 4: Kebo

Iache kebo ya zamani ilipo. Kama kompyuta inayopokea kadi haina kebo inayotosha, tafuta zile zilizokuja na pawasaplai yake. Kebo nyingi za kuchomoa siku hizi ni nyeusi tupu, kwa hiyo ule ujuzi wetu wa kutambua njano kuwa volti 12, nyekundu kuwa volti 5 na nyeusi kuwa hasi hautusaidii tena.

Angalia vilevile usichanganye plagi mbili zinazofanana. Ya prosesa hugawanyika 4 na 4, ya kadi hugawanyika 6 na 2. Kwenye ile ya prosesa, safu yenye klipu ndiyo yenye volti 12. Kwenye ile ya kadi, safu yenye klipu ni hasi. Zimepishana kabisa. Matundu yake yamechongwa tofauti ili zisiingiliane, lakini mkono wenye nguvu unaweza kuilazimisha plastiki, na matokeo yake ni shoti.

Kadi mpya zenye plagi ndogo ya pini 16, kama RTX 4090 iliyotoka mwaka 2022, zinahitaji uangalifu zaidi, kwani plagi isiyoingia mpaka mwisho hupata moto na kuyeyuka. Isukume mpaka pasionekane upenyo wowote, na usiukunje waya karibu na plagi. Acha angalau sentimita 3 na nusu zikiwa zimenyooka.

Hatua ya 5: Weka na uwashe

Kandamiza kadi mpaka kilimi kilie, rudisha skrubu, chomeka umeme wake, kisha unganisha skrini kwenye kadi yenyewe. Washa kasha likiwa wazi na mkono ukiwa karibu na swichi ya ukutani. Ukisikia harufu yoyote ya kuungua, zima mara moja.

Maswali ya wanachama

Swali kutoka Mombasa: Mwalimu, shikamoo. Nina Dell OptiPlex ya kasha dogo niliyoinunua mtumba, na pawasaplai yake haina plagi ya kadi. Dukani wameniuzia adapta inayotoa umeme kwenye plagi ya SATA (ile ya diski) na kuupeleka kwenye pini 6. Niitumie?

Jibu: Marahaba. Usiitumie. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ikibeba ampea 1.5, yaani jumla wati 54, wakati kadi ina haki ya kudai wati 75 kupitia pini hizo 6. Isitoshe, kompyuta nyingi za aina hiyo zina pawasaplai ya wati 240 tu. Tafuta kadi fupi ya nusu kimo isiyohitaji plagi ya umeme.

Swali kutoka Mwanza: Nimehamisha kadi, feni zake zinazunguka, lakini skrini ni nyeusi. Je, imekufa?

Jibu: Ndugu yangu, usiitupe bado. Hakikisha waya wa skrini haukubaki kwenye madabodi. Kisha chomoa umeme, uichomoe kadi na kuirudisha, maana mara nyingi huwa imekaa upande. Angalia pia kama tundu lake mojawapo la umeme limeachwa tupu. Zipo kadi zinazozungusha feni kwa umeme wa sloti peke yake na kukataa kutoa picha.

Swali kutoka Dodoma: Kebo za asili za pawasaplai yangu zimepotea. Nifanyeje?

Jibu: Nunua zile ambazo mtengenezaji amezitaja kwa toleo lako hasa. Kama una multimita (kipima umeme), chomeka kebo upande wa pawasaplai tu, ncha nyingine ikiwa haijaunganishwa na kitu, washa pawasaplai na upime kila pini. Volti 12 inapaswa kusoma kati ya 11.4 na 12.6. Pini moja tu ikienda kinyume na mpangilio wa plagi hiyo, kebo hiyo si yako.

Swali kutoka Zanzibar: Kaka yangu ameniletea kompyuta ya zamani kutoka Marekani. Nyuma ya pawasaplai kuna swichi nyekundu imeandikwa 115. Kadi nimeshaiweka. Niwashe?

Jibu: Usiwashe, dada. Hapa kwetu umeme ni volti 230, na ukiichomeka hivyo pawasaplai italipuka kwa kishindo. Chomoa waya kwanza, sukuma swichi kwa bisibisi mpaka isomeke 230, ndipo uchomeke.