Binti wa Mtemi Aliyemkaidi Baba Yake: Namna ya Kuandika Hadithi ya Kihistoria ya Ugogo

Hadithi nyingi za binti mkaidi wa kiongozi hukwama mahali pamoja. Binti anakataa kuolewa, baba anafoka, binti anatoroka usiku, kesho yake kunakucha kama kawaida na hakuna aliyepungukiwa kitu. Msomaji wa Dodoma mwenye bibi yake Mvumi au Kongwa hadanganyiki. Anajua kwamba "sitaki" ya binti wa mtemi, yaani chifu wa Kigogo, ilikuwa na bei, na bei hiyo ilihesabiwa kwa ng'ombe, kwa mvua na kwa kazi ya baba. Ijenge kwanza bei hiyo. Maneno ya kukaidi yatakuja yenyewe.

Anza na mwaka mmoja

"Enzi za mkoloni" hazitoshi. Chagua mwaka, kisha jiulize mwaka huo binti angeweza kukataa nini hasa. Ugogo, nchi ya Wagogo wa Dodoma, una miaka mingi yenye nafasi nzuri:

- 1919, katikati ya njaa ya Mtunya. Waingereza waliingia Dodoma mwishoni mwa Julai 1916. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, kisha mvua ikakosekana. Hapa ukaidi unahusu chakula: kihenge cha mtemi kifunguliwe kwa nani?
- 1927, mwaka mmoja baada ya sheria ya 1926 iliyowafanya watemi kuwa sehemu ya serikali ya Mwingereza, wenye mshahara, baraza na hazina.
- 1949, wakati wa mradi wa karanga wa Kongwa, ulioanza 1947 na kufa 1951. Kijana asiye na ng'ombe hata mmoja anaweza kuwa na shilingi mfukoni, na hilo peke yake linatikisa mahari.
- 1958, mwaka ulipoanza uchaguzi wa kura tatu.
- 1972, baada ya Operesheni Dodoma kuwapeleka watu katika vijiji vya ujamaa na baada ya Sheria ya Ndoa ya 1971 kutaka ridhaa ya bibi harusi. Hapa baba ni kiongozi wa TANU, chama tawala cha wakati ule, maana watemi hawapo tena: sheria ya 1963 ilifuta madaraka yao.

Tutafuata mwaka 1958, kwa sababu una nyenzo nyingi kuliko mingine yote. Januari mwaka huo TANU ilikutana Tabora ikaamua kuingia katika uchaguzi, pamoja na masharti yake mabaya. Kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Kuandikishwa kulitaka umri wa miaka 21 na sifa mojawapo: kipato cha pauni 150 kwa mwaka, ambazo ni shilingi 3,000, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa na serikali.

Yatazame masharti hayo kwa jicho la mwandishi. Mtemi anapita kwa cheo chake. Wazee wake wa baraza, wenye mazizi yaliyojaa, wengi wao hawana darasa wala kipato cha kuonyesha kwenye karatasi. Binti aliyesoma misheni akafika darasa la nane anapita. Ghafla, katika kaya moja ya Ugogo, wenye kura ni wawili tu: baba na binti yake. Hadithi imeshaanza na hujabuni kitu.

Shida ndogo ni umri. Binti wa miaka 21 asiyeolewa mwaka 1958 alikuwa gumzo la kijiji, kwa hiyo mpe sababu iliyo wazi. Misheni ya Kianglikana ya Mvumi ilikuwa na shule na hospitali. Mfanye mwalimu msaidizi au mwanafunzi wa uuguzi, uonyeshe ni nani aliyemruhusu akae huko miaka yote hiyo. Mara nyingi ni baba mwenyewe. Baba aliyemsomesha binti kwa fahari, kisha usomi huohuo ukamgeukia, anauma kuliko baba katili wa kuchongwa.

Nguvu za baba zilitoka wapi

Mtemi wa Ugogo hakuwa mfalme wa majeshi. Cheo chake cha asili kilikuwa cha ibada: aliitunza nchi, alishika mawe ya mvua, na watu walimwendea mawingu yalipopita bila kushuka. Mjerumani, kisha Mwingereza, wakamwongezea kazi nyingine: kukusanya kodi, kutoza faini barazani, kusimamia sheria ndogo za kilimo na mifugo. Chini yake walikuwapo wapembamoto, wasaidizi wake wa vijijini. Juu yake alikaa DC, mkuu wa wilaya wa serikali ya kikoloni, ambaye watu walimwita Bwana Shauri.

Kwa hiyo mtu yuleyule anayeombewa mvua ndiye anayedai kodi. Mpasuko huo uweke ndani ya nyumba. Asubuhi binti anamwona baba akiwapokea wazee wa mvua. Mchana anamsikia akiwasomea wazee walewale majina ya wasiolipa. Usimfanye kibaraka mtupu. Mwaka 1957 Gavana Twining aliwakusanya machifu wa Tanganyika katika baraza lao, akitumaini wangekuwa uzito wa kuishinda TANU. Mtemi wako anaweza kurudi kutoka safari kama hiyo akiwa amepewa heshima na amepewa hofu pia, naye anajua kwamba akionekana kuilea TANU nyumbani kwake, mshahara na kiti viko mashakani.

Andika daftari la mahari

Hii ndiyo hatua ambayo waandishi wengi huiruka, na ndiyo tunayoisisitiza kuliko zote. Chukua karatasi, chora safu tatu: mnyama, aliyempokea, alikokwenda. Mahari ya Kigogo ni ng'ombe na mbuzi, nayo hayabaki zizini kwa baba. Upande wa mama, hasa mjomba, una fungu lake. Idadi uliza kwa wazee wa kijiji unachokiandika, kisha igawe mnyama kwa mnyama.

Sasa msogeze kila mnyama hatua moja zaidi. Ng'ombe wa mjomba ameshatolewa mahari ya mtoto wa mjomba. Dume moja limechinjwa. Mtamba mmoja una mimba. Binti akisema "sitaki" leo, wanyama hao lazima warudi, maana yake ndoa ya binamu yake inayumba, na mke wa binamu huyo ni rafiki aliyecheza naye utotoni. Ukifika hapo huhitaji kumfanya baba apige kelele. Angalia:

"Wale walioletwa wameanza kuzoea malisho," mtemi alisema.

Binti aliendelea kupepeta uwele. "Wote wapo?"

"Mmoja yuko kwa mjomba wako. Ameshampa jina."

Ungo ulisimama.

Hakuna aliyetaja ndoa wala amri, lakini jina la ng'ombe limefunga mlango. Ukiandika "Nakuamuru uolewe!" umemnyima mtemi akili yake na umemnyima msomaji kazi yake.

Kisha fanya hesabu hiyohiyo kwa upande wa siasa. Akichukua kadi ya TANU, nani anaulizwa na Bwana Shauri? Watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga na chama cha siasa, na shule ya misheni ilikuwa na hofu zake. Mpembamoto anayemtii baba yake atalazimika kumripoti au kunyamaza. Mpe mpembamoto huyo sura, familia na deni. Ni mhusika wa tatu wa hadithi yako, na mara nyingi ndiye bora kuliko wote.

Panga kwa majira ya Dodoma

Ugogo una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Januari na Februari ghala inakaribia kwisha na shamba bado halijatoa kitu. Mavuno ni Mei na Juni. Baada ya hapo ndipo kuna nafasi ya ngoma, harusi, mikutano na safari, pamoja na upepo wa baridi wa Julai wenye vumbi.

Ukiweka harusi kubwa Februari msomaji atauliza pombe imetengenezwa kwa mtama gani. Lakini ukiweka habari za Tabora, Januari, katika kaya inayopalilia kwa njaa huku wazee wakimngojea mtemi alete mvua, mambo yote yanakutana. Wajumbe wa pwani walirudi kwa Reli ya Kati, na reli hiyo inapita Dodoma mjini tangu 1910. Binti anaweza kusikia habari stesheni, kwa mdomo wa abiria dirishani, kabla barua haijamfikia baba yake.

Vitu vinavyosaliti mwandishi

Nyumba ndiyo kosa la kwanza. Kaya ya Kigogo ni tembe: kuta za miti na udongo, paa bapa la miti, fito na nyasi lililofunikwa udongo, vyumba vikizunguka ua wenye zizi. Mvua juu ya tembe hailii kama juu ya bati. Inanyonywa kimya, kisha paa linaanza kudondosha matone ya tope mahali pamoja, na mtu anasogeza kitanda. Ndani kuna giza na moshi, mlango ni mfupi, mtu mrefu anainama. Juu ya paa huanikwa nafaka, kwa hiyo binti ana sababu halali ya kuwa juu, akiwaona wageni wa baba kabla hawajafika na kusikia mazungumzo ya uani. Tumia paa hilo. Ni bora kuliko kumficha nyuma ya mlango.

Chakula ni ugali wa uwele au mtama, mlenda na maziwa. Usiweke mashamba ya mizabibu katika Ugogo wa Mjerumani. Hayo ni ya baadaye. Maji ya kiangazi huchotwa visimani vilivyochimbwa kwenye mchanga wa korongo, na foleni ya alfajiri kisimani ndiyo redio ya wanawake. Fedha ya 1958 ni shilingi ya Afrika Mashariki, na senti kumi yake ina tundu katikati. Enzi ya Mjerumani ni rupia. Nchi ni Tanganyika hadi 1964, na Dodoma ni makao ya Jimbo la Kati. "Mkoa" na "makao makuu ya nchi" havijafika, maana uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa 1973.

Kwa ngoma, muheme hupigwa na wanawake, ngoma zikiwa zimebanwa mapajani. Binti asiyeweza kusema barazani anaweza kusemewa na wimbo. Tunga mistari miwili au mitatu tu, yenye fumbo, wala usiieleze.

Majina na namna ya kuitana

Mpe binti majina mawili: la nyumbani la Kigogo na la ubatizo, kama Raheli au Naomi. Kisha amua nani anatumia lipi, na usibadili bila sababu. Baba na bibi wanatumia la nyumbani. Mwalimu wa misheni anatumia la ubatizo. Wana-TANU wanamwita "ndugu". Siku baba atakapomwita kwa jina la ubatizo mbele ya watu, msomaji atasikia umbali ulioingia kati yao bila kuambiwa.

Wahusika wanazungumza Kigogo nyumbani hata kama wewe unaandika Kiswahili. Acha maneno machache yaonekane, kama salamu ya "mbukwenyi", na Kiswahili chenyewe kiwe lugha ya baraza, shule na chama. Binti akimjibu baba yake Kiswahili mbele ya Bwana Shauri, hicho ni kitendo cha ukaidi tayari.

Epuka kumvika mwaka wa 1958 maneno ya leo: "haki za mtoto wa kike", "usawa wa kijinsia", "ndoto zangu". Bibi Titi Mohamed alikuwa akiwaita wanawake TANU miaka hiyohiyo kwa maneno ya uhuru na heshima. Binti wako atumie yale ambayo masikio ya wakati ule yaliyajua.

Watu halisi na utafiti

Mtemi Mazengo wa Mvumi ni mtu wa kihistoria, na koo za watemi zina wajukuu wanaosoma. Usimbebeshe mtu halisi binti wa kubuni. Buni utemi, uuweke kati ya vijiji viwili halisi, usitumie jina la ukoo uliotawala. Viongozi wa kitaifa wabaki mbali: wasikike kwa barua, gazeti au uvumi. Kwa mfano, mwaka 1958 Nyerere alitozwa faini ya shilingi 3,000 kwa makala ya *Sauti ya TANU*. Sawasawa na kipato kilichotakiwa kwa kura. Mzee mmoja kisimani anaweza kuiona hesabu hiyo na kuisema kwa sauti.

Kusanya kabla ya kuandika: mahojiano na wazee wasiopungua watano, wawili kati yao wanawake, nakala za *Mambo Leo* na *Mwafrika*, na majalada ya wilaya katika Nyaraka za Taifa. Kwa wazee usiulize "maisha yalikuwaje?" Uliza nani alikula kwanza, nani aliketi wapi, ng'ombe wa mahari waliingia zizini kwa mlango upi.

Urefu na mpangilio

Kwa hadithi fupi ya maneno 5,000, matukio manane yanatosha. Matatu ya mwanzo yaweke bei: zizi, baraza, kisima. La nne ni kuandikishwa kwa kura, nalo lipewe maneno 1,000 kamili, meza, karani, cheti na foleni ya wazee wanaorudishwa. Manne ya mwisho yawe ya kulipa, kila moja likiwa na mtu tofauti anayelipa: mjomba, binamu, mpembamoto, baba. Tukio la kutoroka likikujia, lifute kwanza uone kama hadithi inasimama kwa binti kubaki palepale uani, akipepeta uwele mbele ya watu aliowaponza.

Ukitaka kufika 1963, ruka miaka yote ya katikati kwa mstari mmoja. Andika barua ya serikali inayomwondolea mtemi madaraka, aione kwanza karani mpya wa ofisi. Karani ni binti. Wazee wamekuja asubuhi hiyohiyo kuuliza habari za mvua, na baba bado hajui.