Kabla hujapandisha toleo, hakikisha logi zitaendelea kusema

Jumatatu moja saa nne asubuhi mteja alipiga simu akilalamika kwamba amekatwa hela mara mbili. Nikaingia kwenye seva kutazama logi, yaani kumbukumbu ambazo programu huandika ikiwa kazini, za Jumamosi. Faili lilikuwepo, ila mstari wake wa mwisho ulikuwa wa Ijumaa saa kumi na moja jioni, muda ule ule tuliopandisha toleo jipya. Wikendi nzima programu ilihudumia watu bila kuandika neno. (Ndiyo, Ijumaa jioni. Tuliyataka wenyewe.)

Chanzo kilikuwa kidogo mno. Maktaba moja ya Java ya kutengeneza PDF, tuliyoipandisha kwa sababu nyingine kabisa, ilikuja na slf4j-api 2.0, huku Logback yetu imebaki 1.2. SLF4J yenyewe haiandiki kitu; ni mpokezi wa ujumbe tu, na anayeandika ni Logback au Log4j. Hadi toleo la 1.7, mpokezi alimpata mwandishi kupitia klasi iitwayo StaticLoggerBinder. Tangu 2.0, iliyotoka Agosti 2022, anamtafuta kwa ServiceLoader ya Java, inayosoma jina lake kwenye folda ya META-INF/services. Logback 1.2 haiujui utaratibu huo, kwa hiyo SLF4J inasema kwenye konsoli “No SLF4J providers were found”, kisha inatupa kila ujumbe unaoletwa. Konsoli yetu ilikuwa imeelekezwa /dev/null, shimo linalomeza kila kinachoandikwa.

Basi kabla hujagusa namba yoyote ya toleo, toa mti wa vitegemezi, yaani orodha ya maktaba ambazo mradi unazitegemea, na uuhifadhi kwenye faili. Kwa wanaojenga mradi kwa Maven ni mvn dependency:tree -Dincludes=org.slf4j,ch.qos.logback,org.apache.logging.log4j,log4j. Ukishapandisha, toa mwingine na uilinganishe kwa diff. Kwa Gradle tumia dependencyInsight --dependency slf4j-api, na usisahau --configuration runtimeClasspath, maana unachotaka kujua ni kitakachokuwepo programu ikiwa inakimbia. Kumbuka pia kwamba zana hizi mbili haziamui ugomvi wa matoleo kwa namna moja: Maven huchukua lililo karibu zaidi na mzizi wa mti, Gradle huchukua lililo kubwa. Mradi uliotulia kwenye Maven unaweza kukushangaza siku ukihamia Gradle.

Halafu tazama nani anaoana na nani. slf4j-api 1.7 inakwenda na Logback 1.2, 2.0 inataka Logback 1.3 au zaidi. Kati ya hizo, 1.3 ni ya wale waliobaki Java 8, ila kazi mpya sasa inafanyika kwenye 1.5. Kama unatumia Log4j 2, daraja la kuiunganisha na SLF4J 1.7 ni log4j-slf4j-impl na la 2.0 ni log4j-slf4j2-impl; ni tarakimu moja katikati ya jina, na jicho lililochoka huipita. Wa Spring Boot 3, mfumo wa kujengea programu za Java, wanaletewa SLF4J 2 pamoja na sharti la Java 17, hivyo kama kuna mtu aliwahi kupigilia toleo la zamani la Logback kwenye pom.xml (faili la mipangilio la Maven), tafuta mstari huo na uuondoe. Na usiweke log4j-over-slf4j pamoja na slf4j-log4j12: huyu anampa mwenzake ujumbe, mwenzake anamrudishia.

Linalonisumbua zaidi ni faili kubwa la jar (kifurushi cha programu ya Java), lile la kufungasha kila kitu pamoja. Watu wengi, wakishachoshwa na migongano ya faili za sahihi za kidijitali, huweka kanuni ya kutupa chochote kilichomo META-INF. Enzi za 1.7 hilo halikugusa logi za Logback. Kwa 2.0 umemtupa mwandishi mwenyewe, kwa sababu anwani yake imo humo humo. Kwenye kompyuta yako utaona logi zinatiririka vizuri, ukipeleka seva kimya. Kagua hivi kabla ya kupeleka:

unzip -p programu.jar META-INF/services/org.slf4j.spi.SLF4JServiceProvider

Anayetumia Logback anapaswa kuona ch.qos.logback.classic.spi.LogbackServiceProvider. Usipoona kitu, usipeleke.

Faili za usanidi nazo zina vituko vyao. Log4j ya kwanza ilisoma log4j.properties, Log4j 2 hutafuta majina yanayoanza na log4j2, na logback.groovy iliachwa kusomwa tangu Logback 1.2.9. Wakati mwingine maktaba ya watu wengine imebeba logback.xml yake ndani ya jar, na ndiyo inayosomwa badala ya yako. Taja njia waziwazi kwa -Dlogback.configurationFile, na weka debug="true" kwenye lebo ya configuration ili Logback ikwambie imesoma faili gani. Kwa Log4j 2 ni -Dlog4j2.debug=true.

Mwenye skripti zinazochambua logi aangalie tarehe. Spring Boot 3 imebadilisha 2024-03-11 09:15:02.417 kuwa 2024-03-11T09:15:02.417+03:00. Nafasi iliyokuwa katikati imeondoka, kwa hiyo awk (amri ya kuchambua maandishi kwa safu) iliyozoea kuchukua saa kwenye safu ya pili sasa inachukua neno INFO. Rekebisha skripti, au rudisha fomati ya zamani kwa logging.pattern.dateformat.

Kubaki na matoleo ya zamani milele si kinga. Pengo la usalama la Log4Shell lilipotangazwa Desemba 2021, Log4j ilitoa 2.15.0, 2.16.0, 2.17.0 na 2.17.1 ndani ya mwezi huo mmoja. Waliokuwa hawajui hata mti wao unafananaje walikesha.

Siku hizi programu yetu ikiwaka huandika mstari mmoja wenye namba ya toleo, na mwingine wa ERROR ulio na hitilafu ya kujitungia, ili tuone kama mfuatano wake (stack trace) unatoka kamili. Skripti ya kupeleka inausubiri mstari wa kwanza ndani ya faili kwa sekunde 60. Usipofika, inarudisha jar ya zamani yenyewe, na mimi napata ujumbe kwenye simu, Jumanne asubuhi.