Kile kibao cha mlangoni usikipite tu: bastola, maduka ya watu na makaratasi yako Marekani

Ukitoka Nairobi au Dar umezoea kwamba habari ya silaha ni kazi ya mlinzi. Unafika mall soja anakupitishia kile kidude cha kulia kiunoni na mgongoni, unafungua mkoba, gari inawekewa kioo chini ya tumbo, na toka yale ya Westgate Septemba 2013 hakuna hata anayenuna tena. Alafu unatua Texas. Supamaketi kubwa kama uwanja wa mpira, mlango unafunguka wenyewe, hakuna wa kukusachi, na habari yote ya bunduki imeachiwa karatasi iliyobandikwa kwenye kioo, maandishi yamejazana kama masharti ya mkopo, nusu Kiingereza nusu Kispanyola. Mi mwaka wangu wa kwanza nilikuwa naipita tu, nilijua ni leseni ya biashara.

Sa hivi nina kaduka kangu ka chakula, sambusa, pilau, wikiendi nyama choma, na wageni wakishamaliza kula wananiuliza hivi kaka ile karatasi pale mlangoni kwako inasemaje, na mimi nikinunua bastola ya kwangu inanihusu? Inakuhusu. Hata kama huna mpango wa kununua inakuhusu, tutafika huko.

Kwanza elewa hali ilivyo. Hadi 2024 majimbo 29 yalikuwa yanamruhusu mtu mzima asiye na kizuizi cha kisheria kutembea na bastola aliyoificha bila leseni yoyote, Texas iliingia kundi hilo tarehe 1 Septemba 2021. Kwa hiyo yule mzee aliye mbele yako kwenye foleni ya maziwa, shati limetoka nje ya suruali, anaweza kuwa na mguu wa kuku kiunoni na hajavunja sheria ya mtu. Lakini ile haki ya katiba ya kuwa na silaha ambayo Wamarekani wanaiimba kila siku inaibana serikali, haimbani mwenye duka. Duka ni lake kama sebule ilivyo yako, akisema humu bastola haiingii basi haiingii. Kinachobadilika jimbo kwa jimbo ni namna anavyotakiwa kulisema hilo mpaka liwe na meno, na wewe ukikaidi unapatwa na nini.

Texas wana namba tatu za vifungu vya sheria, zikariri kama Mnairobi anavyokariri namba za matatu. 30.06 ni ya mwenye leseni aliyeificha, 30.07 ni ya mwenye leseni anayeivaa wazi kiunoni, 30.05 ni ya yule asiye na leseni kabisa. Ndo maana milango mingine ina vibao vitatu vimepangana kama picha za harusi, kila kimoja kinaongea na mtu wake. Na sheria haikuacha kila mtu aandike anavyojisikia, maneno yenyewe yametajwa kwenye kifungu, yawe kwa Kiingereza na Kispanyola (Kiswahili bado hatujafika), herufi zisipungue urefu wa inchi 1, rangi zipingane na ubao, na kikae pa kuonekana. Ile stika ya bastola imepigwa mstari mwekundu unayoiona kwenye saluni haifikii masharti ya 30.06 hata ukibandika kumi.

Ukiingia nayo wakati kibao halali kipo, ni kosa la daraja C, faini isiyozidi dola 200. Najua unaona ni hela ya kawaida, tiketi ya kukimbiza gari inakaribia hapo. Subiri sasa, mwenye mahali akija akakwambia kwa mdomo wake kaka toka na hiyo kitu, wewe ukaanza kubishana, ooh haki yangu, ooh namalizia kula kwanza, hapo linapanda mpaka daraja A, jela hadi mwaka 1 na faini hadi dola 4,000. Yani umbali kati ya dola 200 na mwaka wa jela ni ubishi wa dakika mbili, na ubishi sisi tumekulia kwenye vijiwe vya kahawa.

Kuna kibao kingine kabisa, kimeandikwa 51% kwa wekundu mkubwa katikati. Hicho kinakaa sehemu ambazo asilimia 51 au zaidi ya mapato yao ni pombe ya kunywea pale pale, yani baa, klabu, zile kumbi tunazoendaga kucheza rhumba Jumamosi. Hapo usifikirie habari za mwenye mali amependa au hajapenda, jimbo lenyewe ndo limekataza na kosa lake ni feloni, yani kosa zito la jinai. Sijui niseme vipi ili iingie: leseni yako ya bastola haikusaidii kitu mle ndani, iache nyumbani, wala usiende nayo.

Minnesota, ambako watu wetu wamejaa, Wakenya wa Brooklyn Park na wale ndugu zetu Wasomali waliokulia Kenya wanaoongea Kiswahili kutuzidi, mambo ni tofauti. Kule leseni inahitajika. Sheria yao ilitoka 2003, makanisa yakaenda mahakamani, ikaanguka, ikapitishwa upya 2005. Kibao chao kinatakiwa kiseme kwamba mwenye eneo amepiga marufuku bunduki hapo, kwa herufi nyeusi za Arial, wallahi Arial imeandikwa kwenye sheria, urefu kuanzia inchi 1.5, ndani ya futi 4 kutoka mlangoni. Ukiambiwa utoke ukakataa, faini ya mara ya kwanza haizidi dola 25. Ila wana kitu kimoja kizuri kukijua kama unapanga nyumba: mwenye nyumba hawezi kumkataza mpangaji wake wala mgeni wa mpangaji kuwa na silaha halali. Kwa hiyo ukienda kwa mtu Minneapolis ukakuta ananing'iniza kitu kiunoni na wewe hupendi, usikimbilie ofisi ya apatimenti, ongea naye mwenyewe.

Ohio wao ukiingia na silaha kwa kujua huku kimebandikwa ni kosa la jinai la kuingia eneo la mtu. Illinois usiende na mazoea ya Texas hata kidogo, kule bila leseni hubebi, na alama yao ni ndogo, inchi 4 kwa 6, duara jekundu limekatiza bastola nyeusi, unaweza kuipita kama stika ya kadi za benki. Hili nawaambia hasa vijana wa malori, manake mnaamka Dallas mnalala Chicago. Ile bastola ya kwenye kabini iliyokuwa halali asubuhi inaweza kuwa kesi jioni bila wewe kufanya lolote zaidi ya kuendesha.

Makampuni makubwa nayo yana lugha yao. Baada ya mauaji ya El Paso, Agosti 3, 2019, watu 23 walikufa ndani na nje ya duka la Walmart, mwezi uliofuata Walmart wakatangaza kwamba wanawaomba wateja wasiingie na silaha za kuonekana. Starbucks, wale wa migahawa ya kahawa, walishaandika barua ya kuomba hivyo 2013. Angalia neno, wanaomba. Aliyeificha kihalali Walmart hawakumgusa. Ombi la aina hiyo peke yake halimleti polisi, lakini meneja akikufuata akakwambia toka, mjadala umeisha, unatoka. Costco, yale maduka ya jumla, wao ni wa uanachama na masharti yao yanakataza silaha ndani isipokuwa kwa maafisa wa usalama, sasa watu wangapi kati yetu walisoma masharti ya Costco kabla ya kupigwa ile picha mbaya ya kadi.

Haya, makaratasi, hapa soma polepole.

Sheria ya federali, yani ya nchi nzima, inasema mtu aliyeingia kwa viza ya muda, mwanafunzi, mfanyakazi, mtalii, haruhusiwi kuwa na bunduki wala risasi. Kuna vimlango vya kutokea, kwa mfano ukiwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo, lakini usianze kutafuta kimlango kwa maneno ya rafiki yako wa kazini, tafuta wakili. Asiye na makaratasi kabisa hana kimlango. Na adhabu sio faini, ni kifungo kinachoweza kufika miaka 15. Kwa hiyo kijana wa chuo unaposikia Texas hakuna haja ya leseni, hiyo ruhusa haikuwa yako toka mwanzo, jimbo linaweza kukuachia na federali ikakubeba. Wale wanaopelekwa na marafiki kwenye uwanja wa shabaha Jumapili, wanapiga picha wameshika mtutu wanatupia mtandaoni na tabasamu la meno thelathini na mbili, jueni kushika mkononi kunaweza kuhesabika ni kuwa nayo, na hiyo picha umejipiga mwenyewe.

Mwenye grinkadi, hata uliyeipata kwa bahati nasibu, unaruhusiwa kununua na kubeba kama jimbo linaruhusu. Ila bado sio raia, na sheria ya uhamiaji ina kipengele kinachosema aliyetiwa hatiani kwa kosa la kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria anaweza kurudishwa kwao. Na ile fomu ya kuomba uraia inauliza kama umewahi kukamatwa au hata kuandikiwa tiketi. Ile dola 200 niliyosema unaiona ndogo, ndo hiyo utakuja kuielezea mbele ya afisa aliyefungua faili lako ukurasa wa nne. Usilipe faini ya namna hiyo kwa kadi ya benki ukasahau kama umelipia maegesho, kulipa ni sawa na kukubali kosa, ongea na wakili wa uhamiaji kwanza, sio wa jinai peke yake.

Na ukiitwa kupigwa alama za vidole au usaili, zile ofisi za uhamiaji ni majengo ya federali, silaha hairuhusiwi ndani isipokuwa kwa maafisa wa usalama walio kazini na kibao hakimuombi mtu.

Sasa wewe mwenye biashara, saluni ya kusuka, duka la unga na maharage, ukumbi wa kukodisha sherehe. Mi nilibandika vibao baada ya tukio moja. Jamaa alikuja na familia yake, mtu mstaarabu, tunafahamiana, akanyanyua mikono kumkumbatia rafiki yake waliyepotezana miaka, shati likapanda, na meza yote ya kina mama waliokuja kwenye chama wakaona mpini mweusi umelala juu ya mkanda. Hakuna aliyepiga kelele. Mama mmoja aliweka kijiko chini taratibu, akavuta mtoto wake kwa kola, nusu saa baadaye meza nzima imefungasha chakula wameondoka. Nikamsogelea yule jamaa nikamwambia kwa chini, kaka samahani sana, naomba hiyo ukaiweke kwenye gari ufunge kisha urudi, chai iko juu yangu. Akaona aibu kuliko mimi, akaenda akarudi. Kisheria nilichofanya pale kilitosha, taarifa ya mdomo inahesabika, lakini siwezi kuwa nawasubiri watu wanyanyue mikono.

Kwa hiyo kama uko Texas, tengeneza kwenye duka la mabango, wape maneno ya kifungu neno kwa neno usiyapunguze kuokoa nafasi, amua unataka vipi kati ya vile vitatu (mi nimeweka vyote), bandika kila mlango wateja wanaoingilia ikiwemo ule wa nyuma kutoka pakingi, alafu piga picha yenye tarehe uweke. Wafundishe vijana wako wasimguse mtu na wasimnyang'anye kitu, waombe mara moja kwa heshima, akikataa wasogee pembeni wapige 911 waseme kuna mtu ameombwa kuondoka amekataa. Asiwepo shujaa. Wateja wengine watanuna, kuna mzee mmoja Mmarekani aliyekuwa anapenda sana sambusa zangu hajarudi mpaka leo, namkumbuka kwa kweli, ila kina mama wamerudi.

Upande wa kazini, mwajiri Texas anaweza kukukataza kuingia nayo kazini, lakini mwenye leseni kwa kawaida hawezi kukatazwa kuiacha ndani ya gari lake lililofungwa pakingi, ila kuna sehemu kadhaa ambako hilo halifanyi kazi, kama kwenye shule fulani na viwanda vya kemikali. Nyie mnaotunza wazee majumbani, soma mkataba wa wakala wako, na ukiingia nyumba ya mgonjwa ukakuta ya kwake iko wazi kwenye droo usiisogeze hata kama unafagia, piga simu kwa msimamizi. Wewe uliye na viza ya shule ndo kabisa.

Kingine kidogo, mabegi. Wageni wetu wanapenda kuazima begi la kurudia nyumbani, na mtu anayekwenda kulenga shabaha risasi huwa zinamponyoka kwenye mifuko ya pembeni bila kujua. Risasi moja iliyosahaulika ukaguliwe nayo uwanja wa ndege hapa ni shida, ukifika nayo JKIA au Dar ni shida kubwa zaidi manake kule risasi bila kibali ni kesi. Kabla mama hajapanga vitenge mule, geuza begi juu chini, fungua kila zipu, ingiza mkono mpaka kwenye pembe.