Kupima nusu-maisha ya shaba-62 kwa linaki: mwongozo kwa walimu wa Mtwara

Nikija likizo nyumbani Mtwara, wanafunzi wa kidato cha sita huniuliza kama nusu-maisha, yaani muda wa kitu chenye mionzi kupungua hadi nusu, hupimwa kweli au ni ya kukariri tu. Hupimwa, na kwa linaki, mashine ileile ya mionzi inayotibu saratani. Shaba-62, aina ya shaba yenye mionzi, hupungua kwa nusu kila dakika 9.67. Ukiipakia basi la kuja kusini kutoka Dar es Salaam, ninakofanya kazi, itakwisha kabla ya Kibiti. Kwa hiyo vipimo nachukua huko, namba nawatumia walimu, na wanafunzi wanachora grafu wenyewe.

Hatua ya 1. Ruhusa. Kazi hii ni ya mwanafizikia tiba na afisa usalama wa mionzi, kwa kanuni za Tume ya Nguvu za Atomiki, tena baada ya mgonjwa wa mwisho kutoka.

Hatua ya 2. Tafuta waya wa shaba kwa mafundi wanaosuka mota, uusugue vanishi kwa msasa. Uanike kwenye fotoni za MV 18 (miale yenye nishati ya hadi MeV 18) kwa dakika 20. MV 6 hazitoshi: kung'oa nyutroni kutoka shaba-63, iliyo sehemu kubwa ya shaba ya kawaida, ili iwe shaba-62 kunataka takriban MeV 10.9.

Hatua ya 3. Kabla waya haujaingia chumba cha kuhesabia, pima kwa kaunta ya Geiger mionzi ya kawaida ya mazingira. Karani wa korosho huondoa uzito wa gunia. Nawe utaiondoa hii.

Hatua ya 4. Mashine ikizimwa, subiri dakika tano, maana vyuma vyake na hewa ya chumba navyo vimepata mionzi. Kisha hesabu mionzi ya waya kwa kaunta kila dakika kwa saa moja, na urudie saa tatu baada ya hesabu ya kwanza. Muda wote upime kwa saa ileile. Niliwahi kuanza na ya ukutani nikamaliza na ya simu, jioni nzima ikapotea.

Hatua ya 5. Hapa ndipo wengi hukosea. Shaba ya kawaida ina shaba-65 pia, karibu asilimia 31, nayo hugeuka shaba-64 yenye nusu-maisha ya saa 12.7. Chukua mfano huu: mwanzo hesabu 4,065 kwa dakika, dakika ya 29 hesabu 564, mazingira 30. Baada ya saa tatu unapata 60. Shaba-62 imeshakwisha, hivyo 30 zilizozidi ni za shaba-64. Zirudishe nyuma kwa nusu-maisha yake: zilikuwa 35 mwanzoni, 34 dakika ya 29. Toa vyote, zinabaki 4,000 na 500. Hiyo ni nusu mara tatu. 29 gawa kwa 3 ni 9.67. Usipotoa chochote utapata 10.2, na mwanafunzi atadhani kitabu kimekosea.

Wanafunzi wachore logi ya hesabu zilizobaki dhidi ya muda kwa nukta zote, si mbili tu. Mstari ukipinda mwishoni, warudi kwenye shaba-64.

Waya ufungiwe stoo ya mionzi kwa siku sita, upimwe tena, ndipo utolewe.